Jiwe la Saba la Thrumley

Siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, mpaka uliingia nyumbani kwa Séverin bila kubisha hodi. Uliingia kwa dirisha, ukiongozwa na vijana wawili wenye kamba na kopo la rangi nyekundu. Ukapita sakafuni, ukapanda kitandani, ukateremka upande wa pili, ukatokea ukuta wa nyuma na kwenda zake mtaroni. Ulipomaliza ziara yake, kile chumba kimoja cha uani, nyuma ya kanisa la Mtakatifu Swithuni mjini Durban, kilikuwa nchi mbili.

"Samahani, mama," kijana mwenye kopo alisema kwa Kiingereza cha upole. "Sisi tunafuata kamba tu."

"Na blanketi yangu, nayo ilikuwa inafuata kamba?" Médiatrice, mke wa Séverin, akauliza kwa Kiswahili, mwiko ukiwa juu.

Kijana hakuelewa hata neno moja, lakini mwiko aliuelewa. Akarudi nyuma hatua mbili.

Kisha akaja mwenye kamba, Bwana Vermaak, ambaye aliuza magari yaliyotumika katika uwanja wa jirani, na ambaye magari yake yalikuwa yamezaana kuliko uwanja. Hakuvua kofia. Aliwatazama watu wa nyumba ile kama mtu anavyotazama gari lisilowaka.

"Wewe, Severine," alisema. Tangu siku ya kwanza alimwita baba wa watu kwa jina la kike, na alikuwa amekwisha kusahihishwa mara nne. "Alhamisi saa nne mpimaji wa ardhi anakuja kuuthibitisha mstari huu. Ijumaa najenga ukuta, matofali yameshafika. Kitanda mtakiondoa wenyewe, au vijana wangu wakiondoe?"

"Bwana, sisi tutaongea na Padri."

"Ongea na malaika ukitaka. Na huo moshi wa maharage uishe. Wateja wangu wanadhani magari yanaungua."

Sufuria ya maharage ilikuwa nje, imekaa juu ya mafiga matatu kama mfalme kwenye kiti chake. Médiatrice alikuwa mwanamke wa Uvira, kule Kongo, na alishikilia kwamba maharage yaliyoivia kwenye jiko la umeme ni maharage yaliyodanganywa. Wiki ileile waliyofika aliokota mafiga mawili barabarani na la tatu hapohapo uani, akawasha moto, na tangu siku hiyo uani pakaitwa nyumbani.

Séverin alikuwa mwalimu wa jiografia kabla ya vita kumfungia darasa. Hapa Durban alikuwa mtunza kanisa: alikata nyasi, alipiga kengele, alifuta mbawa za malaika wa mawe. Sehemu kubwa ya mshahara wake ilikuwa hicho chumba. Kabla ya hapo, familia tatu zilishiriki roshani moja ya ghorofa kule Point, karibu na bandari, zikilala kwa zamu, na Médiatrice alikuwa ameapa mbele ya Mungu na mbele ya mashemeji kwamba harudi.

Jioni, Glody, mwana wao wa miaka minane, alisimama juu ya mstari mwekundu na ufagio begani.

"Papa, simama! Kibali iko wapi?"

"Iko ndani ya suruali."

"Ilishaisha. Rudia Jumanne. Leta na picha mbili."

Séverin, ambaye mwaka ule alikuwa amepanga foleni ya vibali vya wakimbizi mara tano, alicheka mpaka akakaa chini. Médiatrice hakucheka.

"Munacheka. Ijumaa mutakuwa munachekea wapi? Ile baraza ya Point mimi sirudie, Papa Grâce. Sirudie! Heri nilale ndani ya gari ya ule mzungu."

"Lakini mama, kwa upande wako wa kitanda, tayari unalala kwake," alisema Grâce.

Grâce, binti yao mkubwa, alikuwa na miaka kumi na minne na mdomo wa miaka arobaini. Kanga iliyolowa ilimpata shingoni kabla hajamaliza sentensi. Alistahili, na alijua, na haikumzuia.

*

Hapa msomaji avumilie kidogo, kwa maana inatubidi kwenda Uingereza.

Waanzilishi wa kanisa lile walitoka kijiji kimoja kiitwacho Thrumley, wakaja Natal kwa meli, wakajenga kanisa lenye mnara kama wa kwao, wakalipa jina la mtakatifu wa kwao, ambaye kazi yake ni mvua. Waliacha pia kijitabu cha kurasa arobaini: historia ya kijiji chao na mambo yake yote. Séverin alikikuta ndani ya sanduku la mashine ya kukatia nyasi, akajifunzia Kiingereza humo. Ndiyo maana Kiingereza chake kilikuwa na kinu, zizi na zaka, ila hakikuwa na neno la chaja ya simu.

Hakuwahi kuiona Thrumley, lakini aliijua kuliko wengi waliozaliwa huko. Alijua ilikuwa na meko thelathini na moja mwaka 1664. Alijua mnara ulipinda kidogo upande wa bwawa, kwamba mti wa makaburini ulikuwa mzee kuliko kanisa, na kwamba mwenye kinu mmoja, Obadia, alifungwa miguu kwenye mbao hadharani kwa kupunja unga, akarushiwa mayai. Watoto walipokosa usingizi aliwasimulia hayo. Glody alimjua Obadia kuliko wajomba zake.

Jumanne asubuhi Padri Mkhize alikuja na nakala ya hati ya kiwanja, akaiweka kitandani, kwa bahati mbaya upande wa Vermaak.

"Sikilizeni," alisema. "Mpaka wa mashariki unatoka jiwe la sita, moja kwa moja hadi jiwe la saba. Mawe sita yapo, tumeyahesabu. La saba hakuna aliyeliona. Vermaak anasema la saba ni jiwe la pembe ya mnara. Mkivuta kamba kutoka pale inapita hapa." Akakinyooshea kidole kitanda. "Mpimaji asipoonyeshwa jiwe jingine, atakubali hilo."

"Eish," alisema Séverin. Ndilo neno la kwanza la Durban alilojifunza, na bado lilikuwa lenye kazi nyingi kuliko yote.

Grâce alikuwa ameshakishika kijitabu. Alikifungua ukurasa wa kumi na tisa bila kutafuta.

"Papa, si iko ile maneno ya wavulana?"

Ilikuwepo. Kila mwaka, Alhamisi ya Kupaa, watu wa Thrumley waliuzunguka mpaka wa parokia yao wakiyachapa mawe kwa fimbo. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, na karatasi huliwa na panya, walichukua wavulana, wakawabeba chali, na kwenye kila jiwe wakawabamiza makalio. Kisha wakawapa sarafu. Mtoto aliyebamizwa, kiliandika kijitabu kwa utulivu mkubwa, hata akifika miaka themanini hatasahau jiwe lilipo. Ilikuwa ramani iliyochorwa mahali ambapo panya hawafiki.

"Wazungu!" Médiatrice alishangaa kwa furaha ya kweli, ya kwanza tangu Jumatatu. "Na ni sisi ndio walikuwa wanaita washenzi!"

"Padri," Grâce alisema, "kama walileta mnara na mtakatifu, hawakuleta na hii? Iko mtu alibamizwa hapa. Tutafute huyo mtu."

Padri Mkhize alimgeukia binti yule. Kisha akavaa miwani, dalili kwamba mambo yamekuwa mazito.

*

Madaftari ya kanisa yalikuwa chini ya ulinzi wa Bi Daphne, mzee wa kanisa, mwanamke mwembamba aliyenukia karafuu za dukani na aliyeamini kuwa kila kitu huharibika kikiguswa. Alimwambia Grâce anawe mikono. Grâce akanawa. Alimwambia anawe tena. Grâce akanawa tena, akainua vidole vyake mbele ya dirisha kama daktari anayekwenda kupasua mtu.

Ubatizo, ndoa, maziko. Mwaka baada ya mwaka. Kisha, katika mwandiko uliolala kama majani kwenye upepo:

*Alhamisi ya Kupaa, tarehe 21 Mei 1936. Mipaka imepitiwa, mawe saba. Wavulana wa parokia wamekataa na kujificha. Amebamizwa badala yao Pandu, muuza magazeti, Mzanzibari wa King's Rest. Amelipwa.*

"Tarehe 21 Mei," Grâce alisema polepole. "Alhamisi ya Kupaa." Akageuka kutazama kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya ua la waridi. Mwaka 1998 nao ulikuwa umeiweka Alhamisi ya Kupaa tarehe ileile, na Alhamisi ile ilikuwa keshokutwa.

Alipiga yowe. Bi Daphne, ambaye katika miaka thelathini hakuwahi kusikia yowe mle ndani, alikaa juu ya sanduku la zaka.

*

Watu wa King's Rest, kitongoji cha zamani cha Wazanzibari wa Durban, hawakuwa tena King's Rest. Serikali ya enzi zile iliwahamishia Chatsworth katika miaka ya sitini, na hapo ndipo Séverin na Grâce walipoteremka Jumatano, wakauliza msikitini, wakaelekezwa nyumba yenye geti la kijani. Mwanamke mmoja alifungua, unga ukiwa mikononi.

"Tunamtafuta Mzee Pandu," Séverin alisema kwa Kiswahili, kwa matumaini tu.

"Babu!" mwanamke akaita ndani kwa Kiingereza. Huyo alikuwa Fathima, mjukuu wake. "Kuna watu wanaongea lugha yako ya zamani!"

Mzee Pandu alikuwa na miaka sabini na minne. Alikuwa amefanya kazi kiwandani, eneo la Jacobs, mpaka kiwanda kikachoka. Kiswahili alifundishwa utotoni na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyetoka Unguja, na alikiweka kama mtu anavyoweka suti: hakivaliwi kila siku, lakini kimepigwa pasi. Séverin akamweleza yote. Mzee akainuka kutoka kitini, taratibu, mkono mmoja nyuma.

"Peni sita kila jiwe," alisema. "Watoto wao walijificha chooni, wote! Padri mzungu akaniuliza, wewe unaogopa? Nikasema siogopi. La kwanza nilicheka. La tatu nikaanza kuhesabu yaliyobaki. La saba, binti yangu..." Akamgeukia Grâce. "La saba nililia."

"Liko wapi, babu?"

"Unaniuliza mimi liko wapi? Nikikaa vibaya mpaka leo lanitajia jina lake!"

Grâce alicheka, akajizuia, akashindwa. Mzee naye alicheka. Kisha akaacha.

"Sisi kule King's Rest tulikuwa na msikiti, na makaburi, na miti yetu. Walipokuja na malori walisema karatasi imesema. Mimi mpaka wetu niliujua mti kwa mti. Hakuna aliyeniuliza. Miaka yote hii najua mpaka wa watu wengine kwa makalio yangu mwenyewe, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu anapiga hodi kuniuliza mpaka uko wapi." Akainua sauti. "Fathima! Kanzu yangu nyeupe!"

"Babu, wamesema ni kesho."

"Naivaa leo, nisije nikachelewa."

*

Alhamisi saa nne mpimaji wa ardhi alisimamisha chombo chake cha miguu mitatu karibu na mnara. Vermaak alikuwa pale na vijana wake, matofali yake yamepangwa vizuri kando ya uzio. Bi Daphne alikuja na mwavuli, ingawa mtakatifu wa mvua alikuwa amepumzika na jua lilikuwa kali. Médiatrice alikuwa amebandika maharage tangu alfajiri, kwa sababu, alisema, kama ni kufukuzwa, atafukuzwa ameshiba.

Fathima aliegesha bakkie, gari lake dogo la mizigo, na Mzee Pandu akashuka ndani ya kanzu nyeupe kama bwana harusi. Walimpeleka hadi jiwe la sita. Akalitazama. Akatazama mbele, huku na huko. Uso wake ukaingiwa na mashaka.

"Hivi sivyo," alisema.

"Ndiyo huyo shahidi wenu?" Vermaak akauliza. "Anajua hata leo ni siku gani?"

 Médiatrice akafunga macho.

"Sivyo, nasema," Mzee Pandu alirudia. "Natafuta kwa miguu, na mimi sikwenda kwa miguu. Nilibebwa. Nibebeni!"

Kwa hiyo, kwa heshima zote zinazostahili sikukuu ya Kupaa, Padri Mkhize alimshika mzee mabega, Séverin akamshika miguu, wakamwinua chali akitazama mbingu. Kofia ikaanguka, Glody akaiokota. Wakaanza kutembea kutoka jiwe la sita.

"Twendeni. Twendeni. Naona mnara. Juu yake yuko jogoo wa chuma, bado amejificha nyuma ya paa. Twendeni, wanangu, mbona mwachoka mapema, wale wazungu walikuwa wazee kuliko nyinyi! Polepole sasa. Naona mkia. Naona mgongo..."

Walivuka mstari mwekundu. Walikipita chumba. Walilipita pipa la taka. Jasho lilimtiririka Padri hadi kwenye kola yake nyeupe.

"Jogoo ametoka! Amesimama juu ya dirisha la kengele! Hapa! Shusheni!"

Wakamshusha, haraka kidogo kuliko walivyokusudia. Mzee Pandu akatoa mlio mdogo, akatabasamu kwa meno yake manne.

"Ndiyo hapahapa," alisema. "Chimbeni."

Pale palikuwa na majani tu. Vermaak alianza kucheka, na aliendelea kucheka wakati Séverin akichukua jembe, na wakati jembe likizama mara moja, mara mbili, mara tatu. Mara ya nne likalia: ngaa!

Glody aliruka juu. Walichakura udongo kwa mikono, Padri na wote, mpaka likaonekana jiwe refu lililozikwa wima. Lakini juu lilikuwa limekatika, bapa, bila alama yoyote.

Mpimaji alipiga magoti, akalipapasa. "Mawe yale sita yana namba," alisema kwa masikitiko. "Hili halina kichwa. Siwezi kuandika kwamba ni la saba."

"Ni mwamba!" Vermaak alipaza sauti. "Durban imejaa miamba! Mtachimbua mji mzima?"

Hapo ndipo Grâce alipomwona mama yake. Médiatrice alikuwa ameushusha mwiko, akilitazama lile shina la jiwe, halafu moto wake, halafu shina tena. Kwenye Pasaka Padri alikuwa amehubiri juu ya laana ya mtu ahamishaye jiwe la mpaka, na Médiatrice alikuwa ameitikia amina kwa sauti kuliko wote.

"Mungu wangu," alisema. "Papa Grâce. Ni mimi."

"Ni weye nini?"

"Ile wiki tulifika. Nilikuwa natafuta figa ya tatu. Iko jiwe ilikuwa inalegea hapa. Niliigusa tu na mguu, ikatoka. Nilisema, asante Yesu!" Sauti yake ikavunjika. "Miaka mbili minapikia mpaka!"

Hakungoja jibu. Alikwenda mekoni, akaipua sufuria kwa kanga, akaiweka chini. Akalowesha gunia kwenye ndoo, akalifunga lile figa la moto, akalibeba kifuani akikimbia huku mvuke ukimzunguka kama malaika mwenye hasira. Padri alilisugua masizi kwa majani, kisha kwa leso yake, kisha, leso ilipokwisha, kwa mkono wa kanzu yake ya ibada. Masizi yalitoka. Chini yake, zikiwa zimechongwa na fundi aliyekufa zamani, zilikuwepo alama mbili zilizonyooka na moja kama mdomo wa kifaranga uliofunguliwa angani. Séverin alizitambua kabla ya wengine, kwa maana alikuwa amewafundisha watoto wa Uvira namba za Kirumi kwa miaka tisa.

"Saba!" akapiga kelele. "Ni saba!"

Waliliweka juu ya shina. Halikuhitaji kusukumwa. Lilikaa kama kifuniko kinavyokaa kwenye chungu chake, likafuka moshi kidogo, likatulia.

Kilichofuata hakikuwa na adabu ya kikanisa. Fathima alipiga vigelegele, Médiatrice akavipokea, Bi Daphne alifungua mwavuli na kuufunga bila sababu, na vijana wawili wa kopo la rangi, waliokuwa wa Vermaak, walipiga makofi mpaka walipokumbuka mshahara wao. Mpimaji alipima kutoka jiwe la sita, akapima tena, akaandika.

"Bwana Vermaak," alisema, "mstari wako umeingia mita tano ndani ya kiwanja cha kanisa. Na, samahani, yale magari matatu ya mwisho nayo yapo ndani ya kanisa."

Glody alikuwa ameshafika kwenye yale magari, ufagio begani.

"Kibali!" alimwambia Vermaak. "Rudia Jumanne. Leta na picha mbili!"

Vermaak hakuelewa Kiswahili. Alimtazama baba wa mtoto.

"Anasema nini huyu, Severine?"

"Ni Séverin," alisema Séverin.

"Séverin," alisema Vermaak, akaenda kutafuta funguo za magari yake.

*

"Bado," Mzee Pandu alisema, wakati wengine wakidhani yamekwisha. "Mimi nina miaka sabini na minne. Nikifa, nani atajua?"

Wote wakamtazama Glody. Glody aliutupa ufagio na kukimbilia chooni. Historia ina tabia ya kujirudia.

"Niko mimi," alisema Grâce.

"Weye ni msichana," mama yake alisema. "Na ni mukubwa."

"Msichana haiko na makalio?"

Hoja hiyo haikuwamo hata katika chuo cha theolojia alichosoma Padri miaka sita. Médiatrice alimshika binti yake mabega, Fathima akamshika miguu, wakamwinua. Grâce aliona mawingu, akaona paa, akaona jogoo wa chuma akitoka taratibu na kusimama juu ya dirisha la kengele.

"Unamwona?" Mzee Pandu akauliza.

"Ninamwona!"

"Basi usimsahau."

Wakamshusha kwa nguvu zote za upendo. Yowe lake lilisikika mpaka barabarani, na mzee akamtia mkononi sarafu ya senti hamsini.

Kisha Bi Daphne alilileta daftari mwenyewe, hadi pale uani. Grâce, mikono imejaa udongo na masizi, alianza kuinuka kwenda bombani.

"Acha," Bi Daphne alisema, akampa kalamu. "Andika hivyohivyo."

Grâce aliandika, na alama za vidole vyake bado zimo pembeni mwa ukurasa: *Alhamisi ya Kupaa, tarehe 21 Mei 1998. Mipaka imepitiwa, mawe saba. Ameonyesha Pandu wa King's Rest. Amebamizwa Grâce, binti Séverin, wa parokia hii.*

Médiatrice alikuwa amebaki na mafiga mawili. Alikwenda kwenye rundo la matofali ya Vermaak, akachagua moja zuri, akalipangusa kwa kanga, akabandika sufuria upya. Maharage yalipoiva waliitwa wote, na wote wakakaa kwenye majani kuizunguka sinia: Padri, Bi Daphne, Fathima, mpimaji, na Mzee Pandu juu ya mto wa kanisa aliouomba kwa jina la uzee.

Grâce alikula amesimama.